Kutembezwa kwa Wabetawi wa Jakarta: Tathmini ya Msafiri kutoka Ujiji

Huduma ninayoitathmini hapa inatolewa na kikundi kidogo cha waongozaji wa wageni jijini Jakarta, ambacho sitakitaja kwa jina, na ambacho humwahidi msafiri kwamba akitembea nacho atawafahamu Wabetawi, wenyeji wa asili wa jiji hilo, pamoja na mila zao. Nimeona inafaa kuiandikia kwa Kiswahili kwa sababu wapo watu wa Kigoma na Tabora wanaofika Indonesia, wengine kwa masomo, wengine kwa biashara, na wengine, kama mimi, kwa kumtembelea ndugu aliyeko chuoni. Wengi wao hurudi nyumbani wakiwa wameyaona majengo marefu na maduka makubwa bila kujua kwamba katikati ya msongamano ule kuna watu wenye lugha yao, ndoa zao, vyakula vyao na maulidi yao. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aipate: upande wa chakula huduma hii ni nzuri sana, upande wa historia ni ya wastani, na upande wa dini, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa maisha ya Wabetawi, haina kitu kabisa.

Ili hukumu hiyo ieleweke, ni lazima kwanza nieleze Wabetawi ni nani. Mnamo tarehe 22 Juni 1527 jemadari wa Kiislamu aitwaye Fatahillah aliiteka bandari ya Sunda Kelapa, ambayo baadaye iliitwa Jayakarta, na hadi leo Jakarta huadhimisha siku hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa jiji. Mwaka 1619 kampuni ya biashara ya Waholanzi, chini ya Jan Pieterszoon Coen, iliuteketeza mji huo na kujenga juu yake ngome na mji mpya ulioitwa Batavia, na kutokana na jina hilo ndipo wakazi wake walipokuja kuitwa Betawi. Waholanzi hawakuwaamini Wajava waliowazunguka, hivyo mji wao waliujaza watu waliotoka mbali: watumwa kutoka Bali, Sulawesi na pwani za India, askari kutoka kisiwa cha Ambon, mafundi na wafanyabiashara wa Kichina, Wamalay, Waarabu wa Hadhramaut, na Wakristo wazungumzao Kireno ambao walikuwa wamepewa uhuru kutoka utumwani. Watu hao walioana, wakaishi mtaa mmoja, wakazungumza Kimalay cha namna yao, na baada ya vizazi kadhaa likawapo kabila ambalo halikuwapo kabla ya mji. Katika sensa ya mwaka 1930 walihesabiwa kama kundi linalojitegemea, na sensa ya mwaka 2010 iliwahesabu kuwa takriban milioni 6.8 katika Indonesia nzima.

Msomaji wa Ujiji hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mji wetu nao ulikuzwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora, na waliokutana hapa kando ya Tanganyika ni Waha, Wamanyema waliovuka kutoka upande wa Kongo, Waarabu wa Oman na watu wa pwani, wengine wakiwa wamekuja kwa hiari na wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Wajukuu wao leo husema Kiswahili kwa lafudhi ya Ujiji na hukaa msikiti mmoja. Ndiyo maana nilikwenda kwa Wabetawi nikiwa na hamu isiyokuwa ya mtalii tu, kwa kuwa nilitaka kuona jinsi watu wengine waliozaliwa na mji wa biashara na utumwa walivyoweza kujitengenezea adabu, nyimbo na heshima yao wenyewe.

Safari ya kikundi huanzia Kota Tua, yaani mji mkongwe, mbele ya jengo la baraza la Waholanzi lililokamilika mwaka 1710 na ambalo sasa ni makumbusho ya historia ya Jakarta. Sehemu hii sitaikalia sana. Mwongozaji alizungumza Kiingereza kizuri na alikuwa mpole, lakini maelezo yake yaliwahusu zaidi magavana, mizinga na samani, huku watumwa ambao ndio mababu wa wengi wa Wabetawi wakitajwa kwa sentensi moja tulipokuwa tukitoka nje. Mtu akitaka kununua saa za mwongozaji kwa ajili ya kujifunza habari za Wabetawi, saa hizo asizitumie hapo. Jengo lina maelezo yake ukutani, na anaweza kulizuru mwenyewe.

Baada ya hapo huelekea kusini, hadi Setu Babakan katika eneo la Srengseng Sawah, na hapa ndipo huduma inapoanza kustahili fedha zake. Setu Babakan ni bwawa lenye makazi ya watu kando yake, na mwaka 2000 serikali ya Jakarta ilipatangaza mahali hapo kuwa kijiji cha utamaduni wa Wabetawi, chenye eneo la hekta 289. Kabla yake, katika miaka ya 1970, wakati wa gavana Ali Sadikin, eneo la Condet lililosifika kwa matunda ya salak na duku lilikuwa limechaguliwa kwa kusudi hilo hilo, lakini jiji lilikua haraka, mashamba ya matunda yakauzwa vipande vipande, wageni wakahamia, na mpango ukafifia. Mwongozaji alilieleza jambo hili vizuri na kwa uchungu ulio dhahiri, na nakiri kwamba maelezo hayo yalinifanya niitazame Setu Babakan kwa jicho jingine, kwa maana nilitambua kwamba ni jaribio la pili la watu wanaohofia kupotezwa katika mji unaobeba jina lao la zamani.

Kijiji chenyewe si uwanja wa maonyesho uliozungushiwa ukuta. Watu wanaishi humo, watoto wanapita wakienda shule, akina mama wanauza vyakula kando ya maji, na kiingilio hakuna. Nyumba za mtindo wa Kibetawi zinazoitwa rumah kebaya zina paa lililokunjwa mikunjo inayofanana na ya vazi la kebaya, na mbele yake kuna baraza pana iliyo wazi, yenye viti na meza, ambapo mgeni hupokewa kabla hajafikiriwa kukaribishwa ndani. Pembeni mwa paa kuna mbao zilizochongwa meno meno ziitwazo gigi balang. Mbao hizo ni mojawapo ya alama nane ambazo serikali ya Jakarta ilizitangaza rasmi mwaka 2017 kuwa nembo za Wabetawi, pamoja na vikaragosi vikubwa vya ondel-ondel, pambo la kembang kelapa, shati la kiume la sadariah, kebaya ya kike yenye matobo ya urembo, batiki ya Kibetawi, chakula cha kerak telor na kinywaji cha bir pletok. Katika jumba la makumbusho lililopo kijijini mtu anaweza kuyaona mavazi na ala za muziki kwa utulivu, na mwongozaji alifanya vema kutupeleka humo kwanza kabla ya jukwaani, kwa sababu tulipofika jukwaani tulijua tunachokitazama.

Kuhusu chakula nina sifa tu. Kikundi hakitupeleki kwenye mkahawa wa watalii bali kwa wachuuzi wenyewe, na kinampa mgeni muda wa kusimama na kutazama. Kerak telor hupikwa juu ya jiko la mkaa, kwa sahani moja kila mara: muuzaji huweka mchele wa kunata uliolowekwa katika karai ndogo, akauacha uive kwa maji kidogo, akavunja yai la kuku au la bata kadiri ya chaguo la mteja, akatia uduvi mkavu, viungo, vitunguu vya kukaanga na nazi iliyokunwa ikakaangwa hadi ikawa kahawia, kisha akatandaza vyote vikashika chini ya karai. Mafuta hayatumiki, na hiyo ndiyo siri yake, kwa kuwa baada ya hapo karai hupinduliwa mdomo ukaelekea makaa, na chakula kikiwa kimeshikamana na chuma hakianguki, bali huungua upande wa juu hadi kikawa na ukoko wenye harufu ya moshi na nazi. Mtu aliyekulia Kigoma, anayejua thamani ya ukoko wa wali na ladha ya dagaa aliyekaushwa kwenye jua la ziwani, atakila bila kuelekezwa. Ushauri wangu ni kuchagua yai la bata, ambalo lina uzito zaidi, na kula papo hapo, kwani kikipoa hupoteza nusu ya raha yake.

Soto Betawi nayo ni supu nzito ya nyama ya ng'ombe na matumbo katika tui la nazi, ambayo wapishi wengine huongeza maziwa, na hutolewa pamoja na wali, ndimu na pilipili. Nasi uduk ni wali wa nazi wa asubuhi, na kwa mtu anayeujua wali wa nazi wa pwani yetu hautakuwa mgeni, ingawa wao huutia mchaichai na majani yenye harufu. Jengkol, mbegu kubwa bapa zinazopikwa kwa mchuzi mtamu wenye rangi ya giza, zina harufu kali ambayo si kila mtu ataivumilia. Mimi sikuipenda, ila napendekeza kila mgeni aionje, maana Mbetawi huithamini kwelikweli na atafurahi kukuona unajaribu.

Bir pletok inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa jina lake limewafanya baadhi ya Waislamu kuikataa mezani. Haina kileo hata tone. Ni kinywaji cha tangawizi, mchaichai, iliki, mdalasini na majani ya rampe yenye harufu nzuri, na wekundu wake unatokana na vipande vya mti wa secang vinavyochemshwa pamoja. Hunywewa ya moto au ya baridi, na huuzwa pia katika chupa na katika pakiti za unga, jambo linalomfaa msafiri anayetaka kubeba zawadi zisizoharibika njiani hadi Kigoma. Mwongozaji alilieleza hilo kabla hatujauliza, na hapo alionyesha kwamba anawafikiria wageni wake.

Nije sasa kwenye ondel-ondel, ambao picha zao ndizo hutumika kuinadi safari yote. Ni vikaragosi vya jozi, mume na mke, vyenye urefu wa takriban mita mbili na nusu, fremu yake ikiwa ya mianzi na ndani yake akisimama mtu anayekitembeza. Uso wa mwanamume hupakwa rangi nyekundu na wa mwanamke rangi nyeupe, nywele hutengenezwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi, na kichwani huchomekwa mapambo ya karatasi yenye kumeremeta. Zamani vilitembezwa mitaani kwa ajili ya kuikinga jamii na balaa na maradhi, na siku hizi husimama kwenye milango ya ofisi, harusini na katika sherehe za jiji. Pale Setu Babakan tulivitazama vikicheza kwa muziki kamili, na nafurahi kwamba tuliviona hapo. Mitaani Jakarta, hasa jioni, mgeni atakutana na vijana wanaosukuma kipaza sauti kwenye kitoroli huku kikaragosi kimoja chakavu kikinyoosha mkono kuomba fedha. Baadhi ya Wabetawi wanaona kwamba jambo hili linakivunjia heshima kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kulinda watu, na serikali ya jiji imejaribu kulizuia. Vijana wale wana njaa, na sikuweza kuwalaumu. Hata hivyo nilitegemea mwongozaji aulete mjadala huo mbele yetu, kwa sababu unagusa swali la nani ananufaika na utamaduni unaouzwa, lakini aliupita kwa kusema tusiwape fedha.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni maonyesho ya palang pintu, yaani desturi ya kuzuia mlango siku ya harusi. Msafara wa bwana harusi hufika nyumbani kwa bibi harusi ukiongozwa na wapiga matari wanaomsalia Mtume, na mlangoni hukuta mashujaa wa upande wa mke wamesimama. Hapo majibizano huanza kwa pantun, shairi la mistari minne lenye vina vya kupishana, ambalo mistari yake miwili ya mwanzo huchora taswira na miwili ya mwisho hutoa hoja. Upande mmoja unauliza wageni hawa wamefuata nini, upande mwingine unajibu kwa heshima lakini kwa kujiamini, na watazamaji hushangilia jibu lililopangwa vizuri. Kisha hufuata pambano la silat, mchezo wa kujihami wa nchi hiyo, kati ya shujaa wa upande wa mke na wa upande wa mume, na desturi ni kwamba wa mume hushinda. Bado mlango haufunguki. Upande wa mke huomba sasa kusikia kisomo cha Kurani, na ni baada ya kisomo hicho, kwa mahadhi yao maalumu, ndipo bwana harusi huruhusiwa kuingia. Sanaa ya silat iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019, na pantun mwaka 2020, lakini kuziona zote mbili zikitumika mlangoni kwa kazi yake halisi kunamfundisha mtu zaidi ya cheti chochote.

Mpwa wangu, ambaye anasoma Depok, mji ulio karibu na hapo, na ambaye ameshahudhuria harusi za majirani zake, aliniinamia akasema, "Mjomba, hapa mashangazi hawaombi noti ya kufungua mlango, wanaomba ujue kusoma." Nililifikiria neno lake muda mrefu. Sina nia ya kuzidharau harusi zetu, ambazo mlango nao hufungwa na fedha hutolewa kwa vicheko na vigelegele, lakini nadhani kijana anayejua kwamba atapimwa kwa shairi, kwa ushujaa na kwa Kurani mbele ya mtaa mzima anajiandaa kwa ndoa kwa namna ya pekee.

Mavazi ya maarusi nayo yanasimulia historia ya watu hawa kwa uwazi kuliko kibao chochote cha makumbusho. Bwana harusi huvaa joho na kilemba kwa mtindo wa Kiarabu, na bibi harusi huvaa kwa mtindo wa Kichina, uso wake ukifunikwa na nyuzi za mapambo zinazoning'inia kutoka kwenye taji. Wanaketi pamoja, na hakuna anayeona ajabu. Katika zawadi zinazobebwa na upande wa mume haikosekani roti buaya, mikate mikubwa yenye umbo la mamba, kwa kawaida jozi. Wabetawi wanaamini kwamba mamba huwa na mwenza mmoja maisha yake yote, kwa hiyo mkate huo ni ahadi ya uaminifu. Sisi tunaoishi kando ya Tanganyika humtaja mamba kwa tahadhari tu, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani duniani anaheshimiwa kuwa mfano wa mume mwema.

Muziki ulipigwa wa aina mbili. Gambang kromong huunganisha marimba ya mbao na vikombe vya shaba vinavyogongwa pamoja na fidla za Kichina, na ndio unaoandamana na lenong, mchezo wa jukwaani wa Kibetawi wenye mazungumzo ya papo kwa papo. Tanjidor ni bendi ya tarumbeta na ngoma kubwa ambayo asili yake ni watumwa waliofundishwa ala za Kizungu ili wawatumbuize mabwana zao wenye mashamba. Mtu yeyote aliyewahi kufuata matarumbeta ya harusi katika miji yetu ataielewa mara moja. Kuhusu asili hii ya tanjidor mwongozaji hakusema lolote, nami naona ni upungufu, maana muziki ule wa furaha una mizizi katika mateso na mgeni anastahili kulijua hilo anapopiga makofi.

Sasa niseme juu ya kilichoachwa. Njia ya kikundi inapita karibu sana na Luar Batang, msikiti uliopo jirani na bandari ya Sunda Kelapa, ambamo amezikwa Habib Husein bin Abubakar Alaydrus, mwanachuoni kutoka Hadhramaut aliyefariki mwaka 1756. Wageni hawapelekwi. Nilipouliza, niliambiwa kwamba watu wengi wanaonunua safari hii hawavutiwi na mambo ya dini. Jibu hilo silikubali. Mtu hawezi kumfahamu Mbetawi akiutoa Uislamu wake, kwa sababu matari, kisomo cha harusini, kofia, dua za kuwaombea marehemu, na desturi ya nyorog ya kuwapelekea wazee chakula kabla ya Ramadhani, vyote vinatoka huko au vimepokelewa na kupangwa upya huko. Safari inayomwonyesha mgeni kikaragosi na kumficha msikiti inamrudisha nyumbani na picha ya watu wasiokuwapo.

Tulikwenda wenyewe, mimi na mpwa wangu, na yale tuliyoyapata Luar Batang hayakugharimu chochote isipokuwa nauli na sadaka. Wapo wazee waliokaa ukumbini wakisoma, wapo waliotoka mikoa ya mbali kuzuru kaburi, na wapo watoto waliokuwa wakijifunza herufi. Wabetawi ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi kama walivyo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki na wa Ujiji, na masharifu wa Hadhramaut waliofika Batavia ni wa koo zile zile zilizofika Lamu na Unguja. Kwa hiyo yalipoanza maulidi ya Barzanji na watu wakasimama mahali pale pale ambapo sisi husimama, hatukuhitaji kufasiriwa wala kuelekezwa. Lafudhi yao ni tofauti na mapigo ya matari yao ni ya haraka kuliko ya dufu zetu, lakini kila kituo cha kitabu tulikijua. Mzee mmoja alituuliza tunatoka wapi, na tulipomjibu Tanzania akasogea akatupa nafasi kwenye mkeka wake. Hakuna mwongozaji aliyewahi kunifikisha karibu na Wabetawi kiasi hicho.

Lipo na pengo jingine ambalo kikundi kingeweza kuliziba bila gharama. Wabetawi wengi hawaishi tena walipoishi babu zao. Kwa mfano, wenyeji wa Senayan walihamishiwa Tebet ili kupisha ujenzi wa viwanja vya Michezo ya Asia ya mwaka 1962, na maeneo mengine ya katikati ya jiji yaligeuzwa kuwa ofisi. Basi letu lilipita Senayan kwenda na kurudi, na maelezo tuliyopewa yalihusu ukubwa wa uwanja peke yake. Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kijiji cha Setu Babakan kilihitajika, na bila yake mgeni anadhani Wabetawi walichagua kuishi ukingoni mwa jiji.

Kwa upande wa gharama, huduma hii ni ghali ukilinganisha na mtu kujitembeza mwenyewe. Treni za umeme za abiria zinazotoka Jakarta Kota kuelekea Bogor husimama Lenteng Agung, na kutoka hapo bodaboda au daladala ndogo humfikisha mtu Setu Babakan kwa muda mfupi. Nauli ya treni huanzia rupia 3,000 kwa kilomita 25 za mwanzo, kiasi ambacho kwa shilingi yetu ni kidogo mno, na hulipwa kwa kadi. Mabehewa ya mwanzo na ya mwisho yametengwa kwa ajili ya wanawake, na akina mama tunaosafiri nao watalipenda jambo hilo. Masharti ya viza yaulizwe ubalozi wa Indonesia uliopo Dar es Salaam kabla ya kukata tiketi ya ndege, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe pamoja na pasipoti.

Siku ya kwenda ina uzito kuliko mtu anavyodhani. Maonyesho ya Setu Babakan hufanyika mwisho wa wiki, na siku za kazi mgeni atakuta wachuuzi wachache na jukwaa tupu. Jumapili asubuhi kuna darsa kubwa katika mtaa wa Kwitang, lililoanzishwa na Habib Ali Alhabsyi aliyeishi kati ya mwaka 1870 na 1968, na kituo cha treni cha Gondangdia hakiko mbali na hapo. Anayependa mambo ya elimu anaweza kuhudhuria darsa hilo, akapanda treni kuelekea kusini, na kufika kijijini mchana wakati ngoma zinapoanza. Kanzu na kofia zinapokelewa vizuri, na wanawake wachukue mtandio wa kutosha.

Je, ipo haja ya kulipia mwongozaji? Kwa kijana mwenye simu na miguu yenye nguvu, jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa ajili ya chakula, ambacho waongozaji hawa wanakijua kwa undani. Kwa mzee, kwa mama mwenye watoto wadogo, au kwa mtu asiyejua neno lolote la Kimalay wala Kiingereza, bado naipendekeza huduma hii, kwa kuwa magari yao ni safi, wanatunza ahadi ya muda, na hawamkimbizi mgeni anapokula. Ila kabla ya kutoa fedha aandike wazi kwamba anataka kupelekwa Luar Batang na kukaa hapo walau kutoka adhuhuri hadi alasiri, na kama watakataa, alipie nusu ya siku ya Setu Babakan tu, na muda uliobaki amwombe mwanafunzi yeyote wa Kitanzania aliyeko Depok amsindikize.